Adhabu Iliyolimwa na Majirani

Watoto wa upande wa Qurus wamewahi kutoroka shule kwa sababu nyingi, na nyingine zinasameheka. Wapo waliotoroka kwa sababu ngedere wameingia kwenye mahindi. Wapo waliofuata mnada wa Karatu, maana siku ya mnada hata mbuzi hajui kukaa nyumbani. Yuko mmoja aliyekimbia baridi tu ya mwezi wa saba, akakutwa amejibanza katikati ya ndama, amelala fofofo. Lakini mtoto wa kutoroka kwa ajili ya kombaini, mashine ya kuvunia ngano, tena mtoto wa kike, huyo alikuwa wa kwanza, na jina lake Cresensia.

Mama yake, Antonia, aliletewa habari hiyo asubuhi akikamua ng'ombe. Aliyeileta ni Blandina, jirani wa ng'ambo ya korongo, mwanamke ambaye habari haikupata kulala kwake hata usiku mmoja.

"Mama Cresensia, mwanao bado anasoma?"

"Anasoma. Si yuko darasa la saba? Mtihani ni mwezi ujao."

"Basi anasomea kule kwenye mashamba makubwa ya ngano. Mume wangu amemwona jana, anakimbia nyuma ya kombaini kama ndama nyuma ya mama yake. Na juzi pia."

Mkono wa Antonia ukasimama kwenye chuchu ya ng'ombe. Alikumbuka makapi. Jioni zote za juma lile alikuwa akimtoa bintiye makapi ya ngano kwenye nywele, moja baada ya jingine, huku akilaumu moyoni shule inayowavunisha watoto siku zile za mwisho. Kumbe shule ilikuwa haina habari.

Alimkuta Cresensia uani akifunga mfuko wake wa daftari, safi kama mtu anayekwenda kweli shuleni.

"Leo unakwenda darasani au kwenye kombaini?"

Msichana alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa bado amejifunza kusema uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Alikaa chini. "Mama, lile dude linakata, linapura, linapepeta, vyote kwa mpito mmoja. Sisi hapa tunapiga ngano kwa fimbo mpaka mabega yanakataa, halafu tunasubiri upepo. Lile linakuja na upepo wake ndani."

"Na makapi yanatokea wapi?" Antonia akauliza, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

"Nyuma. Kama moshi."

"Nyuma," akarudia Antonia, kisha akakaza uso. "Nenda shule. Na ukaseme mwenyewe kwa Mwalimu kabla hajaambiwa na watu."

Cresensia alikwenda, akasema. Ndipo mambo yakaanza.

Mwalimu Mkuu wa shule ile aliitwa Eliapenda. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa hata katika vumbi la mwezi wa nane, jambo ambalo watu walilijadili sana bila kupata jibu. Alifundisha vizuri, na fimbo hakuipenda. Kwa watoro alikuwa na dawa yake mwenyewe. Nyuma ya darasa la saba kulikuwa na kipande cha shamba la shule kilichomezwa na sangari, kuanzia kwenye tangi la maji mpaka ukingo wa korongo. Mtoro alipewa jembe na kuonyeshwa kipande kile, na asingeingia darasani mpaka amekimaliza.

"Mtoro anapenda nje," alikuwa akisema. "Basi akae nje mpaka nje imchoshe."

Anayeijua sangari hahitaji kuelezwa. Asiyeijua, ajue kwamba ni jani dogo lenye uso wa upole, na mizizi inayotembea chini ya ardhi kama ina safari. Ukiukata mzizi mmoja umezaa miwili. Wakati wa mvua unaweza kuivuta ikaja, lakini udongo wa mwezi wa nane umekauka, jembe likishuka linalia kama limepiga sufuria. Watoro waliotangulia walikuwa wamepewa pembe pembe za shamba. Cresensia, kwa kuwa aliongeza utoro juu ya kuwa kiranja, alipewa kipande chote kilichobaki.

Siku ya kwanza alirudi akicheka. Siku ya pili alirudi kimya. Siku ya tatu aliomba kula kwa mkono wa kushoto, na mama yake alipougeuza ule wa kulia akaona malengelenge yamepasuka, na udongo umeingia ndani.

"Umefika wapi?" aliuliza Antonia, akimwosha kwa maji ya vuguvugu.

"Bado niko kwenye tangi, mama. Lakini nasimama karibu na dirisha. Leo wamefanya hesabu za faida na hasara. Nilisikia maswali, majibu sikusikia. Upepo ulikuwa unapeleka upande wa pili."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Antonia kuliko malengelenge. Mkono utapona. Lakini mtihani ulikuwa mwezi ujao, na katika watoto wote wa ukoo ule, wa mumewe na wa kwake, hakuna aliyewahi kufika darasa la saba isipokuwa huyu. Yeye mwenyewe Antonia aliolewa akiwa msichana hajui hata umbo la jina lake. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, mtoto mgongoni na chaki mkononi, na mwalimu wake alikuwa huyo huyo Mwalimu Eliapenda.

Usiku ule alimwambia mumewe. Martini alikuwa mtu mwema mwenye maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa methali.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema Martini.

"Simchelei kulia, Baba Cresensia. Na alie. Nachelea asisome."

"Alikosa."

"Alikosa. Alikosa masomo, na sasa tunamwadhibu kwa kumnyima masomo. Ni kama umkute mtu ameshinda njaa kwa ujinga wake, halafu umwambie kwa adhabu leo usile."

Martini alifikiri kwa muda mrefu. Methali ya kujibu hilo hakuipata, akalala.

Kesho yake, kisomo kilipokwisha na wakubwa wenzake wakatoka wakipangusa chaki kwenye nguo, Antonia alibaki. Kichanga chake, Piusi, kilikuwa kimelala mgongoni. Alisimama mbele ya meza kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya binti yangu."

"Nilijua utakuja. Kaa, Mama Cresensia." Mwalimu alifunga dirisha, upepo ukaacha kupiga kelele. "Yule ni mtoto wangu wa kutumainiwa. Ndiyo maana nimemwadhibu zaidi. Kiranja akitoroka, wengine wanasema njia iko wazi. Mwaka jana, mwezi huu wa ngano, nilifundisha madawati. Madawati hayafanyi mtihani."

"Kweli, Mwalimu."

"Nikimlegezea yeye, nitawaambia nini wengine?"

Antonia alikuwa na heshima yake kwa mtu huyu, aliyemshika mkono mara ya kwanza akaandika A, na alijua kwamba asemayo hayakuwa ya uonevu. Akapita njia nyingine.

"Basi nauliza kitu kimoja. Katika adhabu hii, amekatazwa kusaidiwa?"

Mwalimu alitabasamu. Alimtazama mama huyu mwembamba na kichanga mgongoni, akapata picha kichwani ya mama na binti jioni moja wakikwatua pamoja mstari mmoja, wakichoka, wakirudi nyumbani wameelewa ubaya wa utoro wote wawili. Haikumdhuru kitu picha hiyo.

"Kusaidiwa na mama yake? Jembe halina wivu, Mama Cresensia. Msaidie ukiweza."

"Asante, Mwalimu."

"Kipande kikiisha, hata kesho, anaingia darasani."

"Asante sana, Mwalimu."

Hapo ndipo mtu wa Kilimanjaro alipokosea, na hakuna wa kumlaumu, maana alikuwa hajakaa nchi ile miaka ya kutosha. Hakujua kwamba kule kwa Wairaqw neno kusaidiwa lina watu wengi ndani yake. Kazi ikimzidi mtu, hakai akailia. Anapika pombe, anapeleka neno kwa majirani, na siku ikifika wanakuja na majembe yao, wanaume kwa wanawake, wanaifagia kazi kwa nyimbo mpaka iishe. Hiyo ndiyo slaqwe, kazi ya kuitana. Hata mzee asiye na meno huja, akashika mpini na kusimamia.

Antonia akapika pombe. Neno alilipeleka kwa Blandina peke yake, akijua linatosha.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Eliapenda alipanda baiskeli yake akaenda Karatu kwenye mkutano wa walimu. Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima, na hakuwaona watu waliokuwa wakiteremka njia ya pili na majembe begani.

Mbele yao alikuwa Mzee Josephati, aliyekuwa msimamizi wa kazi zote za kuitana, mtu mfupi mwenye koti la jeshi la zamani na sauti ya kuamsha nyuki. Alikitazama kipande kile, akakizunguka, akatema mate pembeni.

"Hii walimpa mtoto mmoja?"

"Mmoja, mzee," alisema Antonia.

"Alimpiga mtu?"

"Alifuata kombaini."

"Kombaini," alisema Mzee Josephati, akafikiri. "Hata mimi niliwahi kuifuata, siku ya kwanza ilipokuja. Nami nilikuwa tayari nina wajukuu. Haya, pangeni mstari."

Wakapanga mstari kutoka tangi mpaka korongo. Aliyeanzisha wimbo ni jirani mmoja, Hyasinta, na majembe yakaitikia. Cresensia aliwekwa katikati, mkono wake umefungwa kitambaa, na kila alipotaka kujikaza aonekane, Blandina alimsukuma pembeni kwa nyonga. "Wewe pisha, mtoro. Wacha wasio watoro wafanye kazi." Vumbi likapanda, ukungu ukashuka, vikakutana katikati. Sangari ilitoka vitongevitonge, ikarundikwa ukingoni. Jua lilipofika utosini hapakuwa na jani lililosimama nyuma ya darasa la saba, na udongo mwekundu ulikuwa umelala wazi kama ngozi iliyowambwa.

Antonia alitazama kwa furaha. Akamwashiria mumewe, Martini akaja na chungu cha pombe begani, akakitua kivulini.

"Karibuni, majirani. Mungu awazidishie."

Hakuna aliyesogea. Mzee Josephati alijipangusa jasho, akakitazama chungu kwa mapenzi ya kweli, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Cresensia. Shamba hili ni la nani?"

"La shule, mzee."

"Na shule ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali iko mbali, leo hatuifikii. Nyumba ile iliyo jirani na shamba ni ya nani?"

"Ya Mwalimu."

"Basi mwenyeji wetu ni Mwalimu. Mwenye shamba ndiye mwenye pombe. Tukinywa yako, tukiwa tumelima la mwingine, kesho watu watasema umelitwaa shamba la shule, na sisi ndio mashahidi tuliokunywa."

"Lakini mimi ndiye niliyewaita."

"Umetuita vizuri, na tumekuja. Sasa tunamngoja mwenyeji."

Martini alijaribu kusema neno, akakosa methali. Watu wakaweka majembe yao chini, wakaenda uani kwa Mwalimu kwa adabu, wakaketi kwenye majani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, wakangoja.

Mke wa Mwalimu, Bertha, alitoka nje na mwiko mkononi. Akaona uwanja umejaa watu wenye udongo mpaka magotini. Walimsalimu vizuri. Aliuliza kuna nini, wakamwambia hakuna neno baya, wanamsubiri mwenyeji. Bertha akarudi ndani, akavaa kitenge cha pili juu ya cha kwanza, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Antonia alitamani ardhi imfunike. Alikuwa ametaka mtoto wake aingie darasani Jumatatu, basi. Sasa angemletea mwalimu wake deni la kijiji kizima mlangoni. Na mtu akiaibishwa kwake, aliwaza, atamfungulia mtoto wangu mlango kwa uso gani?

Mwalimu Eliapenda alitokea kwenye kona ya barabara akinyonga baiskeli taratibu, amechoka na mkutano. Aliona uani kwake watu wameketi chini kimya, wanawake huku, wanaume kule. Kila mtu anajua uwanja ukikaa hivyo kuna nini. Baiskeli aliiachia ikaenda yenyewe mpaka kwenye ua wa katani, naye akaja mbio, kofia mkononi, viatu vyake kwa mara ya kwanza vimejaa vumbi.

"Nani?" alisema, sauti imekatika. "Nani amefariki?"

Watu walitazamana.

"Sangari, Mwalimu," alisema Mzee Josephati. "Tumeizika yote."

Bertha alipotokea mlangoni akiwa mzima, na watoto wake nyuma yake wazima, Mwalimu alikaa chini pale pale majanini. Kwanza alifunika uso. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia mpaka waliposikia anacheka. Akacheka, nao wakacheka, na Blandina alicheka mpaka akamwegemea Hyasinta.

"Nilisema asaidiwe," alisema Mwalimu alipopata pumzi. "Sikujua nimeita jeshi."

Ilipoelezwa habari ya mwenyeji na pombe, uso wake ukabadilika tena. "Mimi ni mzee wa kanisa. Sina pombe nyumbani. Hata sukari ya chai sina, sukari siku hizi naisikia redioni tu."

"Una ndizi," alisema Bertha kutoka mlangoni. "Mama katutumia mkungu kwa basi juzi, kutoka Kilimanjaro."

"Na mimi," Antonia akasema, akasimama, "chungu hiki nakupa, Mwalimu. Kuanzia sasa ni chako. Wageni ni wako. Ukiwakaribisha, umewakaribisha kwa chako."

Mzee Josephati aligeuza jambo hilo kichwani, akalikuta halina kasoro. "Hapo sawa. Lakini mwenyeji huonja kwanza, tujue haituui."

Kibuyu kikamfikia Mwalimu. Alikishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake aliyelowa. Aligusisha midomo, akafumba macho, akameza kidogo sana, pengine hata hakumeza. Watu wakashangilia kama ameingiza goli. Bertha akawasha moto nje, ndizi zikamenywa, zikapikwa na maharage kwenye sufuria kubwa la uji wa shule, na watu wa Qurus wakazila wakitazamana, wengine wakiulizana chinichini kama hiki ni chakula au ni tunda lililowahiwa likiwa bichi.

Ni hapo, watu wamekaa na sahani, ndipo mazungumzo yalipokuja yenyewe.

"Adhabu ilikuwa kali mno," alisema Hyasinta.

"Haikuwa kali," akajibu mwanamume mmoja upande wa pili. "Sisi tulichapwa mpaka suruali ikaomba msamaha, na tuko hapa."

"Uko hapa," alisema Blandina, "lakini jina lako umelisoma mwaka juzi kwenye kisomo. Nilikuwa nyuma yako, nilikuona ulivyokuwa unalitafuta ubaoni."

Kicheko kikapita uwanja mzima. Mwalimu hakucheka sana. Aliweka sahani yake chini.

"Ndugu zangu, mimi nisipokuwa mkali, hawa watoto hawaji. Nani kati yenu mwezi huu hajamwambia mwanawe, leo baki ufukuze ndege?"

Sahani nyingi ziliangaliwa kwa makini.

"Mimi nimemwambia," alisema mtu mmoja, polepole.

"Basi. Mtoro mnamtengeneza nyumbani, mkali naonekana mimi."

"Ni kweli, Mwalimu," alisema Antonia. Alikuwa ameshasimama. "Hilo ni letu. Lakini nikumbushe jambo lingine. Wakati wa kuvuna maharage mimi nilikosa kisomo juma zima. Hukunipa jembe. Ulikuja mpaka kwangu na baiskeli, ukaniuliza, Mama Cresensia, unaumwa? Nikaona aibu. Kesho yake nilikuja mapema kuliko wote, hata mlango ulikuwa haujafunguliwa."

"Nakumbuka."

"Mimi ni mtu mzima, nikaulizwa. Huyu ni mtoto, hakuna aliyemwuliza. Hata mimi mama yake niliuliza maswali mawili nikamfukuza. Hatusemi asiadhibiwe, Mwalimu. Aadhibiwe. Ila adhabu isikae juu ya somo. Mwezi ujao ni mtihani, na masomo anayasikiliza dirishani."

Mwalimu alimtafuta Cresensia kwa macho, akamwona ameketi karibu na ndoo, mkono umefungwa kitambaa chenye udongo.

"Njoo hapa."

Akaja, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulifuata nini kule?"

Cresensia alimtazama mama yake, kisha akasema. Mwanzo alisema kwa kunong'ona, halafu sauti ikapanda. Alieleza visu vinavyozunguka, na ngoma inayopura, na chekecheo, na feni. Alieleza kwamba dereva alimwambia feni ikizidi inatupa na ngano, ikipungua inaacha makapi, na yeye alitaka kujua dereva anajuaje kiasi. Alieleza kwa mikono yote miwili, akasahau kwamba mmoja unauma. Antonia alisikiliza akaona haya, na fahari pia, vyote pamoja, kwamba mtoto wake alikuwa na mambo haya yote kichwani juma zima, na yeye alikuwa akiyatoa makapi tu.

"Na anajuaje kiasi?" aliuliza Mwalimu.

"Anashuka, anachota kiganjani, anatazama. Halafu anahesabu. Hesabu yake sikuielewa. Ina sehemu ndani yake."

"Sehemu na asilimia," alisema Mwalimu. "Tumezifundisha Alhamisi."

"Nilikuwa kwenye sangari, Mwalimu."

Mwalimu Eliapenda alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akipatikana na kosa huwa hana pa kujificha.

"Nisikilizeni," alisema. "Utoro una adhabu, na utaendelea kuwa na adhabu, msije Jumatatu mkanijazia visingizio vya ndege na ngedere. Lakini kuanzia sasa jembe litashikwa baada ya kengele ya mwisho, si kabla. Na kabla ya jembe nitauliza ulikuwa wapi. Mzazi aliyembakiza mwanawe nyumbani, jembe hilo atalishika yeye."

"Sasa umesema," alisema Mzee Josephati, ingawa watu wawili watatu walikohoa.

"Na wewe, Cresensia, adhabu yako wameila watu, kwa hiyo bado hujaadhibiwa. Mizizi ile iliyorundikwa, isipochomwa, mvua ya kwanza ikinyesha itarudi yote. Utaikung'uta udongo na kuichoma, kila siku baada ya masomo, mpaka iishe. Peke yako." Akamgeukia Antonia. "Peke yake, Mama Cresensia. Nimeshajifunza. Hasaidiwi hata na kuku."

"Hasaidiwi, Mwalimu," alisema Antonia. "Na nyumbani nitamwongezea ya kwangu, kwa ule uongo wa mfuko wa daftari."

"Mama," alisema Cresensia.

"Nyamaza, kula ndizi."

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe walisikika kabla ya kuonekana. Antonia alikuwa na ngano yake ya kuvuna, lakini miguu yake ilichukua njia ya shuleni, na Piusi mgongoni akikoroma. Alijiambia anapita tu. Akasimama nyuma ya darasa la saba, kwenye udongo ule mpya, hatua chache kutoka dirishani, mahali mwanawe alipokuwa akisimama.

Ndani Mwalimu alikuwa akiuliza. Gunia moja la ngano, sehemu moja kati ya kumi ni makapi, je, ngano safi ni asilimia ngapi? Halafu ikaja sauti aliyoijua tangu haijawa na maneno.

"Tisini, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Na Cresensia akaanza kueleza kwa nini. Antonia hakuyafuata yote. Kisomo chao kilikuwa bado hakijafika kwenye asilimia. Lakini alisogea karibu kidogo, akaweka mkono ukutani, akaanza kuhesabu na yeye kwa vidole, gunia, kumi, moja toa.

Dirisha likafunguliwa. Mwalimu Eliapenda alitoa kichwa nje, chaki sikioni.

"Mama Cresensia. Saa hizi shambani kwako yuko nani?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Kwa hiyo umetoroka."

Darasa zima likaangua kicheko. Antonia alifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akageuka kwenda, na hata alipofika kwenye tangi la maji alikuwa bado anacheka peke yake, akimtikisa mtoto mgongoni.